Juu ya Mchezo wa Mtunza Ghala, na Wale Waliouunda Upya

Mtu akiuona mchezo wa mwenzake, akaupenda, akaketi akauunda upya kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawagawia watu wote, je, amefanya kazi njema au ameiba? Swali hili si la wanasheria wa mijini tu. Limekwisha kufika kwetu Ufipa pamoja na simu za mkononi na mashine za kompyuta za shuleni, na mwalimu mwenye dhamiri hawezi kuliruka. Nataka kulijibu kwa kuutazama mchezo mmoja tu, tena mchezo ambao sisi watu wa mahindi tungeweza kuufahamu upesi kuliko watu wengi, kwa kuwa habari yake ni habari ya ghala.

Mchezo huo huitwa Sokoban. Neno ni la Kijapani: soko maana yake ghala, na ban ni mlinzi, msomaji asidanganywe na sauti ya neno akadhani kuwa ni habari za sokoni. Mtungaji wake ni Bwana Hiroyuki Imabayashi, na kampuni yake ndogo iliyoitwa Thinking Rabbit iliutoa kwa kuuza huko Japani mwaka 1982. Mwaka 1988 kampuni ya Spectrum HoloByte iliuuza Marekani, na tangu hapo ukaenea duniani.

Sheria zake ni chache, hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuzishika kabla kengele haijalia. Katika kioo cha mashine pana chumba kilichogawanywa kwa miraba kama karatasi ya hesabu. Miraba mingine ni ukuta, mingine ni sakafu. Ndani yake yumo mlinzi mmoja na makasha kadhaa, na kwa kila kasha pana mahali palipotiwa alama ambapo yapasa kasha liwekwe. Mlinzi huenda mbele, nyuma, kuume na kushoto, hatua moja moja. Hapiti kwa mshazari. Akisimama nyuma ya kasha aweza kulisukuma, mradi mraba ulio mbele ya kasha uwe wazi. Hawezi kulivuta. Hawezi kusukuma mawili kwa pamoja, wala kupandisha moja juu ya jingine. Makasha yote yakiisha kukaa penye alama, chumba kimekwisha, na mchezaji hupewa kingine kilicho kigumu zaidi.

Mchukuzi wa Sumbawanga, ambaye hujitwika gunia la kilo 100 mgongoni na kulipandisha juu ya lori kwa ubao, angemcheka mlinzi huyu asiyejua kuinua wala kuvuta. Naam, wala katika ghala hilo hapana lumbesa, wala panya, wala karani wa mizani. Walakini mchukuzi yule yule amjua vizuri mtu aliyepanga magunia yake ya kwanza karibu na mlango, akaja kuona baadaye kuwa amejifungia njia ya kuyapitisha mengine. Huo ndio moyo wa mchezo wote. Kasha likiingia pembeni halitoki tena, maana ili kulitoa ingempasa mlinzi asimame ndani ya ukuta. Kasha likigusa ukuta mrefu laweza kutelezeshwa kuufuata ukuta, lakini halitarudi katikati. Makasha mawili yakikaa ubavu kwa ubavu penye ukuta, yote mawili yamekufa. Na mashine haisemi neno. Mchezaji aweza kuendelea kwa hatua 200, akisukuma na kupanga kwa furaha, kumbe alikwisha kushindwa tangu hatua ya kumi.

Hapana bahati humo, hapana adui, hapana saa ikimbiayo. Mtu hashindwi na mashine. Hushindwa na haraka yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo nauhesabu kuwa bora kuliko michezo mingi iliyojaa rangi na makelele ambayo vijana wetu huinamia mpaka usiku.

Wataalamu nao wamesumbuka nao. Mwaka 1997 Bwana Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alithibitisha kwa hesabu kuwa mchezo huu umo katika jamii ya matatizo magumu mno, ambayo hapana mtu aliyepata kuonyesha njia fupi ya kuyafungua yote. Katika chuo hicho hicho Bwana Andreas Junghanns na Bwana Jonathan Schaeffer walitunga programu ya kuufungua, wakaiita Rolling Stone. Waliijaribu kwa vyumba 90. Ikafungua zaidi ya nusu, vingine vikaishinda, na hali vyote 90 wanadamu walikuwa wamekwisha kuvifungua, wengine kwa kujifurahisha tu baada ya kazi.

Vyumba hivyo 90 vyanileta kwenye jambo langu lenyewe. Havikutoka katika sanduku la duka la Kijapani. Vilitoka katika XSokoban, mchezo ulioundwa upya na Bwana Joseph Traub kwa ajili ya mashine kubwa za vyuo vikuu, na kuendelezwa na Bwana Andrew Myers wa Marekani. Programu yenyewe iliachwa wazi ili kila apendaye aisome na kuitengeneza. Kwa upande wa sheria za mchezo kazi yao ni safi kabisa: hawakuongeza kitu, hawakupunguza kitu, nami nawasifu kwa hilo, kwa maana muundaji wa upya hushawishika sana kuonyesha akili zake kwa kutia mambo yasiyotakiwa. Wengine waliokuja baadaye wametia mabomu, milango ya uchawi na makasha yenye rangi rangi, na utamu wa mchezo ukapotea kama chumvi katika mtungi wa maji. XSokoban ni mkavu. Picha zake ni za kimaskini. Lakini huhesabu hatua na misukumo yote, na wachezaji wa nchi mbalimbali waliweza kupelekeana hesabu zao ili kujua ni nani aliyemaliza chumba kwa hatua chache kuliko wenzake. Kama bao lingekuwa na daftari la namna hiyo, tungejua mengi juu ya mabingwa wetu wa zamani ambao leo tunasimuliwa majina yao tu.

Je, wameiba? Wako watu wasemao kwamba kila kitu kilichotungwa na mtu ni mali yake chote pia, na kukifuatisha ni kuivunja amri ya saba. Wako wengine wasemao kwamba kitu kisichopungua kwa kunakiliwa hakiwezi kuibwa. Wote wawili wanakwenda mbio mno, kama yule mlinzi.

Tutazame mashairi yetu. Bahari ya utenzi, yaani mizani yake minane na vina vyake, si mali ya mtu. Mshairi wa Lamu aliitumia, wa Tanga akaitumia, na mwalimu wa Namanyere akitunga leo utenzi juu ya kilimo cha ulezi, hapana atakayemshitaki. Lakini akichukua beti za mwingine, akalifuta jina la mtungaji na kuweka lake, hata mtoto atajua kuwa huo ni wizi. Sheria ya mchezo ni bahari. Vyumba ni beti. Ghala, mlinzi, kusukuma bila kuvuta: hiyo ni njia ya kuchezea, nayo yaweza kutumiwa na kila mtu kama bahari ya shairi. Bali kila chumba kilichopangwa kwa akili, ukuta huu hapa na kasha lile pale, mpaka mtu akikiona ashike kichwa siku mbili, hicho ni kazi ya mkono wa mtu aliyekitolea usiku wake.

Na sheria za serikali hazikwenda mbali na hapo. Mapatano juu ya haki za watungaji, yaliyotiwa sahihi huko Marrakesh mwaka 1994 pamoja na yale ya biashara ya dunia, yasema kwamba ulinzi ni wa namna jambo lilivyoelezwa, wala si wa wazo lenyewe, au njia ya kutenda, au kanuni ya hesabu. Nchi yetu imo katika mapatano hayo, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zilindwazo, kama vitabu. Kwa mfano wa hukumu, tuutazame mchezo wa Tetris, ule wa vipande viangukavyo toka juu, uliotungwa na Bwana Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Kampuni moja iitwayo Xio ilitoa mchezo ufananao nao, ikajitetea kwamba imechukua sheria tu. Mwaka 2012 mahakama ya New Jersey, Marekani, ilikubali kwamba sheria za mchezo ni huru, lakini ikaona kwamba Xio walichukua zaidi ya sheria: sura ya vipande, mwendo wake, ukubwa wa uwanja na mengine, ambayo yangeweza kuchorwa kwa namna nyingine. Wakahukumiwa kuwa wamekosa.

Basi nikiipima XSokoban kwa mizani hii, naona doa moja. Katika vyumba vyake 90, vile 50 vya mwanzo vyatambulikana kuwa ni vya kampuni ya Kijapani. Programu ni ya waandishi wake. Picha ni zao. Vyumba hivyo si vyao. Watu wameyazoea hayo hata wameviita vyumba vya asili bila kuuliza asili ni ya nani. Sisemi kwamba Bwana Imabayashi alipata hasara. Huenda sifa ya mchezo wake iliongezeka kwa njia hiyo. Nasema tu kwamba mtu akitaka kumwonyesha kijana mfano wa kazi huria iliyo safi pande zote, asianze na hiyo.

Aanze na KSokoban. Huu uliundwa na Bwana Anders Widell, ukagawiwa miaka mingi pamoja na michezo ya jamii ya mafundi iitwayo KDE, chini ya leseni ya GNU. Hapa twaona adabu ya kazi. Widell hakuvichukua vyumba vya Wajapani. Alitumia vyumba vya Bwana David Skinner, mtu aliyetunga mikusanyo mizima ya vyumba vipya na kuruhusu vigawiwe bure, mradi mtungaji atajwe; na katika mchezo jina la Skinner limeandikwa kwa shukrani. Mkusanyo mmoja katika hiyo huitwa Microban, una vyumba 155, nao ulitolewa mwaka 2000. Kwa maoni yangu hakuna mwalimu wa mchezo huu apitaye Microban. Vyumba vyake vya kwanza ni vidogo, vyenye makasha mawili matatu, na karibu kila kimoja kinafundisha jambo moja tu: hiki chafundisha kuzunguka, hiki chafundisha kuchagua ni kasha gani litangulie, hiki chafundisha kuliondoa kasha penye alama yake ili kumpisha mwenzake. Vile vya Kijapani humtupa mgeni katika maji marefu tangu chumba cha kwanza.

Kadhalika KSokoban umetiwa vifaa vya upole. Ukiugusa mraba ulio mbali, mlinzi huenda mwenyewe kwa njia fupi. Waweza kutia alama mahali ulipofika, ukalala, ukarudi kesho. Waweza pia kuzirudisha hatua zako moja moja hata mwanzo. Katika hili la mwisho nina shaka kidogo. Mwanafunzi ajuaye kwamba kila kosa hurudishwa kwa kidole hatafakari. Hujaribu jaribu kama mtu apapasaye ufunguo gizani. Ningependa mwalimu awaambie watoto wamalize chumba mara ya pili bila kurudisha hata hatua moja.

Yafaa hapa nieleze neno, kwa maana watu hulichanganya: bure si huria. Katika simu zetu mna michezo mingi ya kusukuma makasha iandikwayo kuwa ni ya bure. Nimejaribu kadhaa. Kila baada ya chumba kimoja au viwili huja tangazo, mara la kamari ya mpira, mara la mkopo wa haraka, na kijana aliyeanza kwa kutafakari juu ya makasha huishia kutafakari juu ya kuweka dau. Mchezo huo haukuuzwa kwa fedha, lakini umefungwa: hapana awezaye kuufungua akayaondoa matangazo, wala kuutia Kiswahili, wala kujua unapeleka habari gani zake kwa nani. Programu huria ni jambo jingine. Bwana Richard Stallman wa Marekani alitangaza mwaka 1983 kazi yake iitwayo GNU, na leseni yake mashuhuri ilitolewa mwaka 1989. Apokeaye programu ya leseni hiyo ana ruhusa ya kuitumia kwa kazi yo yote, kuyasoma maandishi yake ya asili na kuyabadili, kumgawia jirani, na kumgawia hata ile aliyoibadili, mradi naye asiwafungie wengine mlango alioukuta wazi. Yaweza hata kuuzwa. Kilichokatazwa ni kuifungia.

Nasi watu wa Ufipa twajua kufungia kunavyomaliza kazi. Pande za Nkansi mpaka leo yamesimama malungu, yale matanuru marefu ya udongo yapitayo kimo cha mtu, ambayo wazee wetu waliyatumia kuyeyushia chuma. Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza na kuandika habari zake, na wageni wanaoyaona hustaajabia ufundi uliofanywa bila mvukuto, kwa upepo ulioingia wenyewe kwa matundu ya chini. Lakini ujuzi wa mambo mengine haukukaa katika udongo. Ulikaa kwa fundi mkuu na kikapu chake cha dawa, pamoja na miiko ambayo si kila aliyebeba mkaa aliambiwa maana yake. Majembe ya kutoka ng'ambo yalipoingia kwa bei rahisi, moto ukazimika, na wenye kujua wakazeeka. Baadaye wataalamu walipotaka kuona kazi hiyo, iliwapasa kuwatafuta wazee wachache sana waliokumbuka. Siwalaumu wazee. Walikuwa na sababu zao za kulinda kazi iliyowalisha. Lakini tanuru tupu porini halimfundishi mtu kuyeyusha chuma.

KSokoban nao ulizimika. KDE walipobadili misingi yao yote katika toleo la nne, mwaka 2008, mchezo huu haukuhamishwa, ukaachwa nyuma pamoja na mambo ya kale. Kama ungekuwa wa kampuni, habari yake ingekoma hapo. Lakini maandishi yake yalikuwa wazi, nayo yalibaki mahali ambapo kila mtu aweza kuyafikia. Katika miaka hii ya 2020 mafundi wengine waliyachukua, wakayarekebisha yafae mashine za sasa, wakautoa tena kwa jina la Skladnik, ambalo katika lugha kadhaa za Kislavoni maana yake ni ile ile, mtunza ghala. Haikuwapasa kumtafuta mzee ye yote wa kuwasimulia siri. Majina ya Widell na Skinner hayakufutwa. Kwangu hili ni jambo kubwa kuliko uzuri wa picha, na ndilo nimtakalo mhakiki alitazame kwanza anapopima mchezo ulioundwa upya: je, ukifa, waweza kufufuliwa na mtu asiyemjua mtungaji?

Pana uzuri mwingine ambao wachezaji wa mijini wameuzoea hata hawauoni tena. Waundaji wa XSokoban waliviandika vyumba vyao kwa alama za kawaida za mashine ya kupigia chapa, na desturi hiyo imeshikwa na karibu wote waliofuata. Alama # ni ukuta, @ ni mlinzi, $ ni kasha, nukta ni mahali pa kuwekea, na sakafu tupu huachwa wazi, ambayo hapa naiandika kwa kistari. Kwa hiyo chumba chaweza kuandikwa katika barua, au kupigwa chapa katika gazeti kama hili. Nimetunga kimoja kidogo:

#######
#-----#
#-.$.-#
#--$--#
#--@--#
#######

Asiye na mashine achore miraba chini, aweke vijiti kuwa ukuta, punje za mahindi kuwa makasha, na kijiwe kuwa mlinzi. Kasha la juu laweza kusukumwa kuume au kushoto, na nusu ya kazi imekwisha kwa hatua chache. Kisha mwenye haraka hulisukuma kasha la pili moja kwa moja kwenda juu, mpaka likakaa katikati ya alama mbili; ndipo aonapo kuwa mahali ambapo ingempasa asimame ili kulisukuma kwenye alama iliyobaki pamekwisha kukaliwa na kasha la kwanza. Hapo hajafa bado, aweza kuzunguka akalishusha. Mwenye subira hulipeleka upande kwanza. Ni chumba chepesi, nami sikukiweka hapa kwa kujisifu. Nimekiweka ili ionekane kwamba mwalimu wa Laela au Matai, mwenye kalamu na karatasi ya miraba tu, aweza kutunga vyumba ambavyo mtu wa Japani au Kanada atavicheza na kushikwa kichwa. Kutunga ni kugumu kuliko kucheza. Mwanafunzi akitunga chumba sharti akithibitishe mwenyewe kuwa chafunguka, na hapo hujifunza kuanzia mwisho na kurudi nyuma, akiyavuta makasha toka penye alama badala ya kuyasukuma. Sijui somo la hesabu liwezalo kumketisha mtoto hivyo bila fimbo.

Kuna upungufu mmoja nisioweza kuunyamazia. Michezo hii husema Kiingereza na lugha za Ulaya, na mtoto wa Kirando hukutana na maneno asiyoyajua kabla hajakutana na kasha la kwanza. Kosa hili latuangukia sisi kuliko waundaji, kwa kuwa wao wametuachia mlango wazi. Kwamba jambo laweza kufanyika lilikwisha kuonyeshwa: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu maandishi ya asili yalikuwa huria. Kazi yao ilikuwa na maelfu ya maneno. Mchezo huu una maneno machache sana, jioni tatu za watu wawili wenye subira zingetosha.

Nimeanza kuyapima maneno hayo, nami nayaleta ili wengine wayakosoe. Hatua na misukumo hazina shida. Kurudisha hatua, wafasiri wa kompyuta husema tendua. Ni neno zuri, tena fupi, lafaa likae. Kila kipande cha mchezo wengine hukiita ngazi au kiwango. Silipendi hata moja, kwa maana mlinzi hapandi po pote. Huingia na kutoka, kwa hiyo nasema chumba, kama nilivyofanya katika makala haya. Ugumu uko kwenye kasha. Kwa kuwa picha zaweza kubadilishwa, nilidhani kwanza kwamba kwetu ingefaa kuchora magunia ya mahindi, na mchezo ungekuwa wetu mara moja. Lakini gunia lina masikio, na kila mtoto wa Ufipa ajua kulishika masikio na kuliburuta. Akiona gunia lisilovutika atadhani mashine imeharibika. Kwa hiyo katika tafsiri ningeliacha kasha liwe kasha, lenye misumari na pembe nne, na magunia yasubiri mchezo mwingine ambao ndani yake mna kuvuta.